Picha Ukutani mwa Kanisa: Inatusogeza kwa Mungu au Inatukinga?

Mwezi uliopita tulipokea ujumbe wa simu kutoka kwa msikilizaji wa milimani, upande wa Mamba. Alianza na shikamooni watangazaji, kisha akaingia moja kwa moja kwenye jambo lake. Kanisani kwao kuna kijana wa kwaya ambaye kazi yake ni kuandika mabango ya maduka. Aliruhusiwa kupamba ukuta ulio nyuma ya mimbari, na kila mtu alitarajia aandike mstari wa Biblia kama ilivyozoeleka. Yeye akachora habari ya Yesu na mwanamke Msamaria, ile ya Yohana sura ya 4. Ila mahali pa kisima alichora ndiva. Mwanamke amevaa khanga, ndoo ya njano iko miguuni pake, na nyuma yao mlima unaofanana kabisa na Shengena.

Baada ya Jumapili tatu wazee waliamua ukuta upigwe chokaa. Msikilizaji wetu anauliza nani alikosea, aliyechora au waliofuta. Akaongeza jambo moja lililotufanya tuandike makala haya: katika Jumapili zote tatu mama yake, ambaye zamu za maji ya ndiva anazijua tangu utotoni, alibaki kwenye benchi watu wote walipokwisha kutoka, akiutazama ukuta. Nyumbani hakusema kitu.

Kwa wasiotoka Upareni, ndiva ni bwawa dogo la kienyeji. Hukusanya maji ya kijito usiku, na asubuhi hufunguliwa yaende kwa mifereji hadi mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Watu wamegombana na kupatana kwenye kingo za ndiva kwa vizazi vingi. Kwa hiyo mama yule hakuwa anatazama pambo. Alikuwa anaona mgeni anaomba maji mahali ambapo yeye mwenyewe amewahi kuombwa maji, na pengine amewahi kunyima.

Hapo ndipo tunapoona nguvu ya picha ilipo. Habari ya Msamaria ameisikia mara nyingi kiasi kwamba inapita masikioni kama tangazo la basi. Picha ilimsimamisha. Neno linaposomwa linapita na msomaji anaendelea, lakini picha inabaki palepale inakungoja, nawe unaweza kurudi kwenye mkono, kwenye ndoo, kwenye uso, bila mtu kukuharakisha. Ukikaa nayo, mawazo ya soko na ada za shule yanapungua kelele.

Tatizo ni kwamba mara nyingi hatukai. Mwaka 2001 watafiti wawili, Jeffrey Smith na Lisa Smith, walichapisha matokeo ya kupima muda ambao watu huutumia mbele ya mchoro mmoja katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Wastani ulikuwa sekunde 27. Hao ni watu waliofunga safari kwenda kutazama! Na sisi je, na zile picha tulizonazo sebuleni? Ile ya Yesu mwenye nywele ndefu na mwanga usoni, inayotundikwa juu ya televisheni au kubandikwa kwenye basi, aliichora Warner Sallman wa Chicago mwaka 1940, na imechapishwa mamia ya mamilioni ya nakala duniani. Wengi wetu tumekua nayo. Mwulize mtu wa nyumba hiyo Yesu anatazama upande gani, uone kama atajibu bila kugeuka kuangalia. Picha iliyozoeleka sana hugeuka kuwa sehemu ya ukuta.

Tuseme pia kwa upande wa wazee, maana hofu yao haikutoka hewani. Zamani huku Upareni, fuvu la mzee wa ukoo lilifukuliwa baada ya muda na kuhifadhiwa mahali patakatifu pa ukoo, katika msitu au pangoni. Watu walikwenda pale kuomba mvua, uzao na uponyaji. Hapakuwa mahali pa kupita tu; ukiona mafuvu ya wazee wako yamepangwa, hutaongea kama ulivyokuwa unaongea njiani. Wamisionari Walutheri walipofika milima hii, na Waadventista walipofungua kituo cha Giti mwaka 1903, waliwafundisha babu zetu kuviacha vitu vinavyoonekana na kumwabudu Mungu asiyeonekana. Familia zilivunjika kwa ajili ya jambo hilo. Mzee ambaye babu yake aliacha mizimu kwa gharama ya kutengwa na ndugu hawezi kuiona sura imechorwa juu ya mimbari akatulia tu. Tena anayo amri ya pili mkononi, Kutoka 20.

Lakini kitabu hichohicho cha Kutoka, sura chache mbele, kinaagiza makerubi wa dhahabu juu ya sanduku la agano, na kinamtaja Bezaleli, fundi aliyejazwa Roho wa Mungu kwa kazi ya mikono. Kisa kinachotufaa zaidi ni cha nyoka wa shaba. Katika Hesabu 21 Musa anamtengeneza kwa agizo la Mungu, na aliyeumwa akimtazama anapona. Miaka mingi baadaye, katika 2 Wafalme 18, mfalme Hezekia anamvunja nyoka yuleyule kwa sababu watu walikuwa wanamfukizia uvumba. Chombo ni kilekile, ila macho ya watu yalikuwa yamebadilika. Kanisa la kale lilipigania suala hili zaidi ya miaka 50, hadi mtaguso wa Nisea mwaka 787 ulipoamua kwamba picha inaweza kuheshimiwa lakini kuabudiwa ni kwa Mungu peke yake. Mpaka leo Wakristo hawakubaliani wote, na sisi watangazaji hatutaumaliza ubishi huo hapa.

Tunachoweza ni kueleza ukuta mwingine, uliochorwa na mtu wa mkoa wetu huuhuu wa Kilimanjaro. Elimo Njau alizaliwa Marangu mwaka 1932, akasomea uchoraji Makerere. Mwaka 1959 alichora michoro mikubwa mitano katika kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Yakobo, Murang'a, nchini Kenya: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa. Watu ni Waafrika. Vilima ni vya Murang'a.

Fikiria mwaka wenyewe. Hali ya hatari iliyotangazwa Kenya mwezi Oktoba 1952 kwa sababu ya vita vya Mau Mau ilikuwa bado haijaondolewa. Iliondolewa Januari 1960. Kanisa lile lilijengwa kuwakumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa katika vita hivyo. Katika vilima hivyohivyo wengine walikuwa wamefiwa na watoto wao msituni au vizuizini. Yaani kila aliyeingia mlangoni alikuwa na mtu wake aliyekufa, na si wote walikufa upande mmoja. Mchoraji angeweza kuwapa msalaba wa Ulaya, wenye mawingu mazuri na askari wa Kirumi, na watu wangesali wakaenda zao. Badala yake aliusimamisha msalaba kwenye ardhi waliyoizika miili yao. Kwa maoni yetu, mtu akiutazama ukuta ule hawezi tena kusema kwamba mateso ya asiye na hatia ni habari ya zamani ya nchi za mbali. Njau alikuja kujulikana pia kwa msemo wake kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi, na mwaka 1965 alianzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi.

Jambo hili si la Wakristo peke yao, wala si jipya. Huko Kondoa, watu wa kale walichora kwenye miamba wanyama na watu wembamba kwa rangi nyekundu, na mwaka 2006 UNESCO iliiweka michoro hiyo katika urithi wa dunia. Pale Mungomi wa Kolo wenyeji bado wanakwenda kufanya matambiko ya mvua na uponyaji. Waganga wamewahi kuirushia michoro pombe ya kienyeji kama sadaka, jambo lililowatia wahifadhi wasiwasi, kwani rangi inaharibika. Mhifadhi anaona kumbukumbu ya kulindwa. Mganga anaona mlango wa kubishwa hodi. Wanatazama mwamba mmoja!

Ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi pia Upareni, hawaweki sura ya mtu msikitini, lakini jicho halikuachwa bila kazi. Ukienda Kizimkazi, Zanzibar, utaona kwenye kibla maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe, yenye tarehe inayolingana na mwaka 1107. Herufi zimesukwa kiasi kwamba hata asiyejua kuzisoma anapunguza mwendo.

Kwa hiyo, kama una picha ya imani yako nyumbani, au maandishi, au hata mlima unaouona dirishani, jaribu jambo moja jioni hii. Zima simu. Kaa dakika tano mbele yake, usiombe kwanza, tazama tu. Dakika ya kwanza utaona ulichokijua. Ya pili utachoka, na hapo wengi huacha. Ukivumilia, kitatokea kitu kidogo ambacho hukuwahi kukiona, mkono uliofungwa au kivuli, na swali litakuja lenyewe. Sisi tulijaribu studioni kwa picha ya kalenda, mmoja wetu akacheka hadi dakika ya tatu. Ya nne hakucheka.

Tumemjibu msikilizaji wetu kwamba hatuwezi kuhukumu kanisa lake. Tulimwambia tu kwamba wazee waulizwe wanaogopa nini hasa, na yule kijana aulizwe alitaka watu waone nini, kwa sababu kwa maelezo yake hakuna aliyewauliza. Juzi ametuandikia tena. Kikao kitakaa baada ya mavuno ya tangawizi, na kuna pendekezo kwamba kijana achore upya, safari hii kwenye ubao wa kutundikwa katika chumba cha shule ya Jumapili, si nyuma ya mimbari. Mama yake, anasema, ameuliza kama ndoo itakuwepo.