Simu Ipimwe kwa Kiganja cha Mwenye Kuitumia



Wiki chache zilizopita, baada ya darsa ya alasiri ya akina mama, bimkubwa mmoja alibaki nyuma mpaka wenzake wakatoka. Alifungua mkoba, akatoa simu mpya aliyoiviringisha kwa kipande cha leso, akaiweka mezani kwa mikono miwili. Akaniambia: "Mwanangu, hii nimeletewa na kijana wangu aliyeko Maskati. Ni nzuri, mashaallah, lakini imenishinda. Vidole vyangu vina maumivu, mkono mmoja hauishiki. Imenianguka mara mbili, sasa naiweka kabatini. Naye akipiga simu simpati kwa wakati, hata ameanza kudhani kuwa nimemnunia. Nikiibadilisha nipate ndogo, si nitakuwa nimeikataa zawadi yake?"

Nimeomba idhini yake niliandike jambo hili bila ya kumtaja, kwani najua nyumba nyingi zina simu ya namna hiyo, na nyingine zina mama wa namna hiyo.

Tuanze na swali lake la mwisho. Zawadi ikishatolewa na mwenye kupewa akaipokea mkononi, huwa ni mali yake. Ana haki ya kuitumia, kuiuza, kuibadilisha au kumpa mwengine. Hapo hapana dhambi. Lakini baina ya mzazi na mtoto hatutazami haki peke yake, twatazama na nyoyo. Kwa hivyo nilimshauri asiibadilishe kwa siri. Ampigie mwanawe, aanze kwa kumuombea dua na kumshukuru, kisha amweleze hali ya vidole vyake. Kunyamaza kwake ndiko kulikokuwa kukimuumiza kijana, kwa sababu simu iliyonunuliwa ili kuunga udugu ilikuwa imekaa kabatini ikiukata.

Swali la pili likawa la simu yenyewe: ndogo ziko wapi? Ukweli ni kwamba zimekuwa adimu. Simu ya kwanza ya iPhone, mwaka 2007, ilikuwa na kioo cha inchi 3.5. Mwaka 2011 Samsung walipotoa Galaxy Note yenye kioo cha inchi 5.3, watu wengi waliona kuwa ni kubwa kupita kiasi. Leo simu nyingi za bei ya wastani madukani mwetu zina kioo cha zaidi ya inchi 6.5. Apple walijaribu kurudi nyuma wakatoa iPhone 12 mini mwaka 2020 na 13 mini mwaka 2021, zenye upana wa milimita 64.2 tu. Mwaka 2022 hawakutoa mini nyingine.

Sababu yake haikufichika. Kwa watu wengi simu ndiyo televisheni, ndiyo kamera, ndiyo msahafu wa safarini na ndiyo daftari la biashara. Kioo kikubwa huvutia macho dukani, na mwili mkubwa una nafasi ya betri kubwa. Basi mwenye kutaka simu ndogo ajue mapema kuwa mara nyingi atapata betri inayokwisha upesi zaidi.

Siku ya pili, mimi na mke wangu tulimsindikiza bimkubwa mjini. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo nimeona niwafikishie: msiamini inchi. Inchi zinazotangazwa hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe ya pili iliyo mkabala. Simu za siku hizi zimerefuka na kuwa nyembamba, na kingo zilizokuwa pembeni mwa kioo zimeondolewa. iPhone 8 Plus, yenye kioo cha inchi 5.5, ilikuwa na upana wa milimita 78.1. Galaxy S24, yenye kioo cha inchi 6.2, ina upana wa milimita 70.6. Mwenye kioo kikubwa ndiye mwembamba! Kiganja hakijui mshazari. Kinachokitaabisha ni upana na uzito.

Kwa hivyo muulizeni muuzaji milimita na gramu, na msione haya. Simu nyingi kubwa zina upana wa milimita 75 au zaidi na uzito unaokaribia gramu 200. Ukishuka hadi milimita 71 na gramu 170 hivi, tofauti ya upana haifiki unene wa penseli, lakini mkono huijua mara moja. Asiyeweza kufika dukani na akate kadibodi kwa vipimo vya simu anayoitaka, aishike nyumbani, aone kama kidole gumba kinafika ukingo wa pili bila ya kiganja kuhama. Na akumbuke kuwa kava huongeza milimita kadhaa, basi apime pamoja na kava.

Mama mwenye mtoto begani, au anayepanda feri ya Likoni na kikapu mkono mmoja, ataelewa kwa nini nasisitiza hili. Simu isiyoshikika kwa mkono mmoja huanguka au huporwa.

Bimkubwa alikuwa na shida nyengine: vidole vyataka simu ndogo, macho yataka maandishi makubwa. Mke wangu ndiye aliyelitatua. Alichukua simu nyembamba, akaingia kwenye mipangilio na kuyakuza maandishi, kisha akamwonesha namna ya kutuma ujumbe wa sauti badala ya kuandika. Tuliona pia kuwa simu nyingi zina kibodi inayoweza kusogezwa upande mmoja, karibu na kidole gumba. Nawaombeni mjaribu haya kabla ya kununua chochote. Huenda simu mliyo nayo ikatosha, pamoja na kava yenye mkanda wa kupitisha kidole. Kutoa fedha kwa kitu kisichohitajika ni israfu, hata kikiwa kidogo.

Wako pia wanaotosheka na kabambe ya vibonyezo. Hupiga, hupokea, na M-Pesa hufanya kazi. Isingemfaa huyu mama, kwa kuwa alitaka kuziona nyuso za wajukuu wake. Lakini kwa anayetaka sauti tu, si unyonge kuishika.

Simu nyembamba nzuri nyingi ni za bei ya juu, kwa hivyo wengi hukimbilia zilizotumika. Hapo pana tahadhari. Bonyezeni *#06# mulinganishe namba ya IMEI na ile iliyoandikwa kwenye boksi au risiti. Ulizeni hali ya betri. Hakikisheni simu bado inapata masasisho ya usalama, kwani simu iliyozeeka mno hufikia siku ikakataliwa hata na WhatsApp. Na risiti ichukuliwe, ili tusije tukanunua mali ya wizi.

Na kwa dada na mama zangu, hili ni la stara. Kabla ya kuiuza au kuibadilisha simu, ziondoeni picha za nyumbani. Hamisheni mnachotaka kukihifadhi, tokeni kwenye akaunti ya Google au ya Apple, kisha futeni kila kitu kupitia mipangilio na mtoe laini na kadi ya kumbukumbu. Msimwachie muuzaji awafanyie. Mwanamke anayejisitiri barabarani asiache picha zake za ndani mkononi mwa asiyemjua.

Bimkubwa aliondoka na simu iliyotumika, ya upana wa milimita 71, na akarudishiwa fedha kidogo. Kabla ya kulipa alimpigia mwanawe mbele yetu. Alianza kwa dua kama tulivyokubaliana, lakini alipofika kwenye vidole sauti ikamkwama. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mama, niwie radhi. Dukani niliishika kwa mkono wangu mimi. Wako sikuukumbuka."

Sijaona maelezo mafupi zaidi ya kosa letu sote. Tunawanunulia wazee kwa macho yetu na kwa fahari yetu, kisha twashangaa kwa nini hawapokei simu. Enyi vijana mlioko ughaibuni, na nyinyi mlioko nyumbani, kabla ya kumnunulia mama simu, mshikeni mkono kwanza. Muutazame ulivyokuwa, na muutazame ulivyo leo. Ndio mkono uliowalea.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wema kwa wazazi wetu na atupe kiasi katika matumizi yetu. Wabillahi tawfiq.