Mkaguzi wa Malisho Apitaye Saa Nne na Nusu

Je, wajua kwamba wafugaji wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, wamewahi kulipwa bima ya mifugo bila mtu yeyote kwenda kuhesabu mizoga? Mkaguzi alikuwa angani, kilomita 705 juu, na wala hakutazama ng'ombe. Alitazama majani.

Jina lake ni Terra, setilaiti iliyorushwa na Marekani tarehe 18 Desemba 1999. Imebeba vifaa kadhaa, lakini kinachotuhusu ni kihisi kiitwacho MODIS, chenye uzito wa kilo 229 hivi. Ndio uzito wa ng'ombe wetu wa kienyeji, tena si mnono sana. Kwa miaka mingi Terra ilivuka ikweta saa nne na nusu asubuhi, saa ambayo mifugo imeshatoka bomani na mawingu hayajawa mazito.

Inayajuaje majani? Jani lenye afya humeza mwanga mwekundu ili lijitengenezee chakula, na hurudisha kwa wingi infraredi, mwanga ambao macho yetu hayauoni. Tungeuona, shamba la mahindi mabichi lingetung'aria kama bati jipya juani. MODIS huipima mianga hiyo miwili, na hesabu inayofuata ni ya shule ya msingi: toa mwekundu kwenye infraredi, kisha gawa kwa jumla ya yote miwili. Tuseme nyasi zilizonawiri zimerudisha asilimia 45 ya infraredi na 5 ya mwekundu. Arobaini gawanya kwa hamsini: 0.8. Udongo mkavu ukirudisha 30 na 25, jibu halifiki hata 0.1. Kati ya namba hizo mbili ndimo ulimo msimu mzima wa mfugaji.

Usidhani inamwona mbuzi wako. Kijiraba kidogo kabisa cha picha yake kina mita 250 kila upande, yaani ekari 15 hivi, na ekari zote hizo hupewa namba moja tu. Wingu likipita, namba hushuka. Kwa hiyo wataalamu hukusanya picha za siku kadhaa na kuchukua ile yenye ukijani mwingi zaidi.

Bima yenyewe ilianza kuuzwa Marsabit Januari 2010, kwa mpango wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo. Kampuni gani ingemtuma afisa akague kila mzoga katika kaunti inayozidi Rwanda na Burundi zikiunganishwa? Nauli ingemeza fidia. Badala yake, vijiraba vya ukijani hulazwa juu ya ramani ya mipaka ndani ya kompyuta, wastani wa kila eneo ukatolewa na kulinganishwa na misimu ya miaka iliyopita. Ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, kila mwenye bima katika eneo hilo hulipwa, hata yule ambaye ng'ombe wake bado wananona. Katika hesabu ya bima, mifugo nayo ina viwango vyake: mbuzi kumi ni ng'ombe mmoja, na ngamia mmoja ni ng'ombe mmoja na mbuzi wanne. Malipo ya kwanza yalitoka Oktoba 2011, ukame ukiwa umeshapiga.

Mwanzoni fidia ilikuwa ya vifo vilivyokadiriwa. Baadaye mpango ukageuzwa, pesa zitoke mapema, pale malisho yanapoanza kukauka, mfugaji anunue nyasi, maji na dawa. Kwangu mimi hayo ndiyo mageuzi makubwa kuliko setilaiti yenyewe, maana pesa humkuta ng'ombe akiwa bado amesimama. Serikali ya Kenya ilianza mpango wake mwaka 2015, ikianzia Turkana na Wajir.

Ila mstari wa ramani hauchungi mifugo. Majirani wawili wanaochota kisima kimoja wanaweza kuangukia maeneo mawili tofauti, mmoja akalipwa na mwenziwe akabaki kuuliza kosa lake ni nini. Na ng'ombe huhama, mpaka hauhami.

Halafu kuna mathenge, mti wa miiba ulioletwa nchini kuzuia jangwa, ukasambaa Baringo, Turkana na Tana River hadi ukafukuza nyasi. Mizizi yake huchimba mbali, kwa hiyo ukame unapokausha kila kitu wenyewe hubaki kijani. Kutoka angani, ekari 15 za mathenge zinaweza kuonekana kama malisho mazuri tu. Mbuzi hula maganda yake matamu, lakini sukari yake huwaozesha meno. Wakazi wa Baringo walipoishtaki serikali kwa sababu ya mti huo, walimsafirisha mbuzi kibogoyo hadi mahakamani Nairobi, awe kielelezo.