Mwanasesere wa matambara na farasi mwenye mbawa

Likizo ya Juni hukutana na msimu wa baridi katika milima ya Upare wa Kusini. Huko Vudee, wilayani Same, mtoto aliyekwisha rudi madrasa na kukata majani ya ng'ombe hutafuta jambo la kufanya kwa mikono yake. Vifaa havinunuliwi: maganda makavu ya mgomba, matambara, udongo mwekundu, makaa, maboksi na kandambili zilizokatika.

Lakini wapo wazazi ambao, wakimkuta binti amefunga mwanasesere wa matambara, humtupia motoni wakisema ni sanamu. Nia yao ni njema, kwani makatazo ya kutengeneza picha na sanamu yamethibiti. Hata hivyo, wanachuoni wengi wamevitoa vitu vya kuchezea watoto katika hukumu hiyo, wakitegemea mapokezi ya Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake. Imesimuliwa na Abu Daud kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkuta na wanasesere, na katikati yao farasi mwenye mbawa mbili za vipande vya nguo. Alipomuuliza, akajibu kwamba farasi wa Nabii Suleiman walikuwa na mbawa. Mtume alicheka hata magego yake yakaonekana.

Naye Bibi Rubayyi' binti Mu'awwidh ameeleza, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, kuwa siku ya Ashura waliwafungisha watoto wao wadogo, wakawatengenezea vya kuchezea kwa sufi. Mtoto akililia chakula, hupewa hicho mpaka jua likachwa. Basi kazi hii ilikuwa ya wazazi wenyewe.

Asiyetulia moyo juu ya wanasesere, ana nafasi pana bado. Nyota ya pembe nane, iliyopamba misikiti tangu Andalusia hadi Uajemi, yatoka katika kalenda ya mwaka jana. Mtoto akate miraba miwili iliyo sawa, kisha abandike mmoja juu ya mwingine, pembe za wa juu zikielekea katikati ya pande za wa chini. Gundi ni unga wa ngano uliopikwa kwa maji hadi ukawa mzito. Makaa yaliyosagwa hutoa rangi nyeusi, udongo uliochekechwa nyekundu, na binzari ya jikoni manjano. Unga mweusi wa betri kuukuu usitumiwe kabisa, maana una sumu.

Wavulana wataomba mpira. Mifuko ya plastiki iliyozoeleka kwa kazi hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, wala haina hasara: matambara yaliyokazwa kwa kamba za mgomba yanatosha. Magurudumu ya gari la boksi hukatwa katika soli za kandambili. Hapo kisu na ashike mkubwa. Mtoto wa miaka minne achane maganda ya mgomba kwa vidole, asuke kamba.