Onyo Lililonenwa kwa Kiswahili

Tangu filamu ya vibonzo ya The Lion King itoke mwaka wa 1994, Kiswahili kimetwikwa kazi moja mbele ya walimwengu: kuwabembeleza watoto na watalii kwamba hakuna matata. Ndiyo sababu nilishtuka, tena nikafurahi, nilipoitazama Get Out, filamu ya kwanza ya mwongozaji Mmarekani Jordan Peele, iliyoanza kuonyeshwa mwaka wa 2017. Humo lugha yetu imepewa kazi iliyo kinyume kabisa. Inamwarifu mtu kuwa matata yapo, tena makubwa, na kwamba heri atimue mbio kungali mapema.

Peele alijulikana kwanza kwa vichekesho vya televisheni, na wengi hawakutarajia kwamba angejitosa katika taharuki ya kisaikolojia. Mnamo Machi 2018 akawa mtu mweusi wa kwanza kutuzwa Oscar ya mswada asilia. Sisi wa ufuo wa Nam Lolwe tuna sababu nyingine ya kumfuatilia. Nyota wa filamu yake ya pili, Us, ya mwaka wa 2019, ni Lupita Nyong'o, binti wa Profesa Peter Anyang' Nyong'o aliyechaguliwa gavana wa Kisumu mwaka wa 2017. Isitoshe, mhusika mkuu wa Get Out ameigizwa na Daniel Kaluuya, aliyezaliwa London na wazazi kutoka Uganda, ng'ambo ya maji haya haya.

Kisa chenyewe si kirefu. Asiyetaka kujua kinavyoishia na aiweke makala hii kando. Chris, kijana mweusi mpiga picha, anafunga safari na mpenzi wake mzungu, Rose, kwenda kuwaamkua wazazi wa msichana huyo mashambani. Anapokewa kwa kumbatio na tabasamu. Baba mtu anajinaki kuwa lau sheria ingeruhusu, angalimpigia Obama kura kwa muhula wa tatu. Niliitazama pamoja na walimu wenzangu watatu hapa Kisumu, na kwa kuwa Kogelo alikozikwa baba yake Obama si mbali nasi, kauli hiyo ilituangua kicheko. Dakika chache baadaye kicheko kilitukauka midomoni. Sifa ile ilikuwa chambo. Jamii ile huwanasa vijana weusi, ikawapiga mnada kimyakimya, na kuipandikiza akili ya mnunuzi mzungu ndani ya mwili ulionunuliwa.

Sasa narudi kwenye Kiswahili. Majina ya waigizaji yanapoanza kupita kwenye skrini, huku miti ya msituni ikikimbia dirishani mwa gari, inasikika kwaya inayonong'ona na kuimba kwa lugha yetu. Wimbo huo, uliotungwa na Michael Abels, unaitwa Sikiliza Kwa Wahenga. Maana yake kwa jumla ni kwamba ndugu huyu awasikie wazee, aukubali ukweli, akimbie aiokoe nafsi yake. Chris hausikii wimbo wenyewe. Watazamaji wengi wa Marekani waliusikia bila kuuelewa. Ni sisi tu, tunaokaa darasani na kulalamikia ngeli na viambishi, tulioelezwa siri yote kabla kisa hakijaanza. Mwanafunzi anayetaka mfano wa kinaya, pale ambapo hadhira inajua lile asilolijua mhusika, atafute wapi mfano bora zaidi ya huu?

Mmoja wa wenzangu hakuridhika. Alihoji ni Kiswahili gani hicho, kwani kitenzi sikiliza hutwaa yambwa yake moja kwa moja, na kwa hiyo msemaji fasaha angenena, "wasikilize wahenga." Kisarufi hoja yake ni ya haki, nami siipingi. Hata hivyo, yafaa tujiulize swali zito kuliko kosa la kihusishi. Mtunzi aliye mbali kiasi hicho, alipotafuta lugha yenye uzito wa kubeba sauti za waliokufa, kwa nini alikijia Kiswahili?

Jibu limo katika historia. Wahenga wa Wamarekani weusi, kwa sehemu kubwa, walitekwa Afrika Magharibi na maeneo ya Kongo na Angola, na walio wengi hawakujua neno moja la Kiswahili. Lakini katika miaka ya 1960, harakati za kudai haki zilipopamba moto, wajukuu wao walikichagua kiwe lugha ya Afrika nzima, kwa kuwa hakikufungwa katika kabila moja. Maulana Karenga alipoanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka wa 1966, aliziita nguzo zake kwa maneno kama umoja, ujima na imani. Walijitwalia wahenga kwa hiari yao.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa sisi wa Kisumu. Mara ngapi nimewasikia wanafunzi wakidai kwamba Kiswahili kina wenyewe, nao wako Lamu na Mombasa? Kwamba lugha ya wahenga wetu ni Dholuo, na lugha ya kazi ni Kiingereza, basi hiki cha tatu ni mzigo wa mtihani tu? Dholuo tusikiache kamwe. Lakini ikiwa mtu wa Chicago aweza kuitwaa lugha hii kwa mapenzi, seuze sisi ambao Kiswahili kimetahiniwa shuleni mwetu kwa lazima tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, na ambao Katiba ya 2010 imekitaja kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi?

Filamu yenyewe inaonya juu ya gharama ya kupuuza lugha. Mama yake Rose humpumbaza Chris kwa kukoroga kijiko ndani ya kikombe cha chai, akamtumbukiza katika shimo lenye giza. Humo anaona na kusikia kila kitu kwa mbali, anapiga mayowe, na sauti haitoki. Nionavyo mimi, hiyo ndiyo taashira kuu ya kazi hii: binadamu aliye hai ambaye hana sauti. Tena, mtumishi mweusi wa nyumba ile, Georgina, anajifichua kwa msamiati. Chris anatumia neno la mitaani la vijana weusi kumaanisha kuchongea. Yeye halielewi, anajibu kwa neno la kikongwe wa kizungu. Mwili ni mmoja, lakini usemi umemtoboa aliyejificha ndani. Mwalimu wa isimujamii akitaka kufundisha sajili, mfano ndio huo.

Naye Chris anaokokaje? Amefungwa kitini, anakwaruza ngozi ya kiti, anachomoa pamba na kujiziba masikio ili mlio wa kijiko usimfikie. Pamba ni zao lililowatoa jasho na damu watumwa wa Marekani. Kwa hiyo filamu inayoanza kwa amri ya kusikiliza inakaribia kwisha kwa mtu anayekataa kusikiliza. Hakuna mgongano hapo. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini si kila kinachoingia sikioni ni dawa. Mtu hana budi kujua ni sauti ipi ya kuipokea na ipi ya kuizibia, na hawezi kupambanua iwapo lugha ya onyo ni ngeni kwake.

Natoa rai kwa walimu wenzangu. Filamu nzima ina damu na haiwafai watoto. Lakini wimbo ule wa mwanzo ni mfupi. Wasikizeni wanafunzi wa sekondari, waandike wanachokisikia, wasahihishe kihusishi kile kama watakavyo, kisha wajadili ni nani wahenga wao. Kusikiliza na kuzungumza ndio stadi zinazotajwa mwanzo katika silabasi, nazo ndizo tunazozikimbilia mwisho, saa za masomo zikiwa zimekwisha. Nanyi wanafunzi, safari ijayo mtakapoambiwa Kiswahili ni lugha ya kuwachekea watalii, kumbukeni kwamba kuna kijana angaliepushwa na mauti lau angekielewa.