Jik, Sabuni au Asidi? Sayansi ya Kuosha Paa

Masika yakishapita, mapaa mengi ya Tanga, Dar es Salaam na Mombasa hubaki na michirizi myeusi, hasa upande uliofunikwa na kivuli cha mwembe. Mwenye nyumba huita mafundi, na kila fundi huja na jibu lake mkononi: huyu ana galoni la Jik, yule ana chupa ya asidi ya kusafishia choo, mwingine ameazima mashine ya presha kwa waosha magari. Wote husifu ukali wa dawa zao. Lakini ukali hauna maana mpaka yajulikane mambo matatu: doa ni la kitu gani, paa limeezekwa kwa vifaa gani, na maji yakishuka yanakwenda wapi.

Tuanze na doa. Weusi unaoshuka kwa michirizi mara nyingi ni viumbe hai: sainobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama ifanyavyo mimea, pamoja na mwani na kuvu. Wanachohitaji ni unyevu, mwanga na madini kidogo, na paa lenye vumbi huwapa vyote. Baadhi yao hujivika utando wa rangi nzito unaowakinga na miale mikali ya jua, na utando huo ndio weusi tunaouona kutoka barabarani. Ukiwakwangua bila kuwaua, masalia yao hubaki kwenye vitundu vya kigae na kuchipuka tena mvua ikirudi.

Si kila doa lina uhai, hata hivyo. Wekundu wa vumbi letu ni oksidi ya chuma, jamii moja na kutu. Masizi ya jikoni na ya jenereta ni kaboni iliyochanganyika na mafuta. Njia rahisi ya kutofautisha ni kudondoshea tone la Jik iliyozimuliwa kwenye sehemu ndogo na kusubiri dakika chache. Doa likififia, ni kiumbe. Likibaki vilevile, ni masizi au kutu, na hata ukimwaga debe zima hutapata kitu. Masizi huondolewa na sabuni, kwa kuwa molekuli yake hushika mafuta upande mmoja na maji upande wa pili.

Kiini cha Jik ni haipokloriti ya sodiamu, takriban asilimia 3.5 katika chupa za kwetu. Kemikali hii huunguza protini za kiumbe na kuvunja rangi yake, ndiyo maana doa hufa na kupauka kwa pamoja. Jua na joto huimaliza nguvu, hivyo galoni lililokaa juani dukani laweza kuwa hafifu, na kazi hufaa kufanywa asubuhi mapema kabla bati halijashika moto. Nchini Marekani, ambako nyumba nyingi huezekwa kwa vipande vya lami, chama cha watengenezaji wa vifaa hivyo hushauri dawa ya kufulia ya klorini ichanganywe na maji nusu kwa nusu, iachwe dakika 15 hadi 20, kisha isuuzwe kwa maji yasiyo na presha kubwa. Mafundi wengi hunakili kipimo hicho kutoka mtandaoni. Wanasahau kwamba dawa ya kule kwa kawaida ina asilimia 5 au zaidi, na kwamba lami si bati.

Bati letu ni chuma kilichopakwa zinki, au mchanganyiko wa zinki na alumini. Metali hizi mbili zina tabia ya pekee: huliwa na asidi, na huliwa pia na alkali kali kama kostiki soda. Fundi anayemwagia bati asidi ya choo huliona linang'aa mara moja, na mteja hufurahi. Kinachong'aa ni zinki mpya iliyofichuka baada ya ile ya juu kuyeyuka, na kila mng'ao hupunguza miaka ya bati. Jik nayo ina hila yake. Ikishamaliza kazi, sehemu kubwa hugeuka kuwa chumvi, adui yuleyule anayeletwa na upepo wa bahari kila siku. Kwa bati, basi, chaguo la kwanza ni sabuni isiyo kali, brashi laini na maji mengi. Jik itumike pale tu viumbe vimekataa kutoka, ikiwa imezimuliwa sana, na isuuzwe kabla haijakauka.

Vigae huvumilia zaidi. Vile vya udongo vya Mangalore, India, ambako wamisionari wa Basel walianzisha kiwanda mwaka 1865, bado vinaonekana kwenye nyumba za zamani za pwani. Udongo uliochomwa hauogopi Jik, ila hunyonya maji, kwa hiyo dawa hufika ndani walikojificha viumbe. Vigae vya saruji ni habari nyingine: asidi huila chokaa iliyomo, povu unaloliona ni gesi ya kaboni dioksidi, na uso unaobaki umekwaruzika hushika uchafu upesi kuliko mwanzo. Paa la asbesto lisisuguliwe wala kupigwa presha kabisa, maana nyuzi zake zikipeperuka na kuvutwa puani huweza kuleta saratani.

Tumebakiwa na swali la maji, ambalo mafundi wengi hawaliulizi. Nyumba nyingi hukinga mvua kwenye tanki. Lita moja ya Jik ina takriban gramu 35 za kiini chake. Ikiingia yote katika tanki la lita 5,000, kila lita hupata miligramu 7, ilhali kikomo cha klorini cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 5. Dawa za kuua kuvu zenye shaba ni mbaya zaidi, kwa sababu shaba haivunjiki na husumbua samaki kwenye mito na mabwawa. Kabla ya kuosha, chomoa bomba linalotoka kwenye gata, limwage mbali na tanki na bustani, na usilirudishe mpaka mvua ya kwanza ipite.

Jambo moja halina mjadala: Jik isikutane na asidi wala na dawa yenye amonia. Ya kwanza huzaa gesi ya klorini, ya pili huzaa kloramini, na zote huunguza mapafu. Aliye juu ya ngazi hana pa kukimbilia.

Paa likishatakata, kata matawi yanayolifunika ili jua lilikaushe. Kwenye vigae, ukanda wa zinki ukipigiliwa karibu na kipeo hutoa ayoni kidogo kidogo kila mvua inaponyesha, na mwani hupata taabu kuota chini yake. Ila usiutumie kama maji ya paa hilo yanaingia tankini. Nyumba nyingi za bati hazihitaji hata hayo: sabuni na maji kila mwaka, kabla masizi na chumvi havijazoea, hugharimu kidogo kuliko galoni lolote la dawa kali.