Fahamu: Kwa nini maji yanapita tena Makupa

Hori la Makupa hutenganisha kisiwa cha Mombasa na Changamwe, kati ya mahori ya Tudor na Port Reitz. Mito ya Kombeni na Tsalu humwaga maji Tudor. Mto Mwache huingia Port Reitz. Mvua za El Niño za 1997-1998 zilileta udongo mwingi uliofukia mizizi ya mikoko ya Mwache, mingi ikafa.

Lakini hori la Makupa liliumizwa na binadamu. Tuta la barabara lilizuia maji kujaa na kupwa kama kawaida, na taka za jaa la Kibarani zikaporomokea humo. Jaa lilifungwa, na mwaka 2022 Daraja la Makupa likafunguliwa badala ya tuta, maji yakapita tena.

Daraja pekee halitoshi kulinda hori: usitupe taka mtaroni, wala usikate mikoko.