Kereng'ende wa Kivulini na Maji Yetu

Kereng'ende unawajua: watoto huwakimbiza bwawani. Lakini yuko ndugu yao mwembamba ambaye wengi hawajapata kumwona, kwa maana apenda kivuli. Wataalamu humwita Phaon iridipennis.

Mwili wake ni kama sindano, urefu wapata sentimita 6 au zaidi, rangi yake kijani chenye kung'aa kama shaba. Kereng'ende mnene akitua huacha mabawa wazi. Huyu huyakunja mgongoni kama kitabu kilichofungwa. Mabawa hayo hayana rangi, lakini yakipigwa na mwanga humeta kama upinde wa mvua.

Usimtafute katika mbuga za Shinyanga penye jua kali. Makao yake ni kando ya mito, mahali miti inapokutana juu na kufanya kivuli kizito. Mtoto wake huishi ndani ya maji, akila wadudu wadogo, hata viluwiluwi vya mbu.

Maji hayo ndiyo hatari yake, na yetu pia. Katika nchi ya dhahabu, Geita na Shinyanga, wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu kwa zebaki. Zebaki ikimwagika mtoni hukaa katika tope, huingia katika wadudu, kisha katika samaki, na mwisho katika sahani yako. Humdhuru zaidi mtoto aliye tumboni mwa mamaye, ikiharibu ubongo wake. Huko Marekani wataalamu huwapima watoto wa kereng'ende ili wajue zebaki iliyomo majini.

Basi tufanye nini? Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yalinda mita 60 toka ukingo wa mto. Usikate miti ya hapo, wala usioshee dhahabu mtoni. Tena usikate tamaa. Shinyanga vichaka vilifyekwa zamani ili kuwafukuza mbung'o. Lakini kazi ya HASHI ilipoanza mwaka 1986, watu walirudisha ngitili za wazee wao, na miti ikaota tena.

Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba viumbe vyote humtukuza Mungu kwa kuwapo kwao tu. Jumapili baada ya Misa, nenda mtoni pamoja na watoto wako. Mkimkuta kivulini, mshukuruni Muumba. Msipomkuta, anzeni kwa kupanda miti ukingoni.